Lugha ya kuanzia kodingi mi niliipata kwenye kaunta buku ya shangazi

Nafanya kazi steshenari huku Ng'ong'ona karibu na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kutoa kopi, kuprinti, kubaindi ripoti za field, kuwajazia watu maombi ya mkopo na ya ajira, na tangu watu wajue kwamba naandika programu swali naloulizwa kuliko yote ni hili, dada nianze na lugha gani. Wanauliza wa chuo, wanauliza waliomaliza form four wapo tu nyumbani, juzi kaniuliza mpaka fundi simu. Na wengi wanakuja wameshachanganyikiwa maana wameshauliza watu watatu na kila mtu kasema lake, mmoja kamwambia C ndo msingi bila C hujui kitu, mwingine JavaScript ndo yenye hela, mwingine Python kwa sababu ya AI, afu kuna wa Java na wa Flutter, ile zana ya kutengenezea apu, na kila mmoja ana sababu zake nzuri tu.

Mi nawaambia kabla ya lugha tafuta mtu. Mtu mmoja unayemjua kabisa, ana kazi inayomsumbua kila siku, na hiyo programu anaisubiri kweli, yani wiki ikipita anakupigia kuuliza imefikia wapi. Ukishampata huyo maswali mengi yanapungua yenyewe.

Na hii si yangu peke yangu, ukiangalia hizi lugha zenyewe zilivyoanza ni hivohivo. PHP ilianza mwaka 1994 Rasmus Lerdorf alipotaka kujua ni watu gani wanaangalia CV yake mtandaoni, akaandika vijiprogramu vyake vya kuhesabu, hakuwa na mpango wa kutengeneza lugha. C aliitengeneza Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 70 kwa sababu walikuwa wanaijenga Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta. JavaScript ilitengenezwa Netscape mwaka 1995 ili kurasa za mtandao ziweze kufanya kitu badala ya kukaa tu. Kila lugha ina kazi iliyoizaa, ndo maana ukimuuliza mtu wa JavaScript anakujibu kwa kazi yake na wa C anakujibu kwa kazi yake, na we kama huna kazi yoyote kichwani huwezi kujua nani anaongea na wewe.

Mtu wangu mimi alikuwa shangazi. Shangazi anafanya biashara ya mahindi Kibaigwa, kwa asiyepajua ni kule Kongwa kwenye barabara ya Morogoro, soko la mahindi pale ni kubwa sana malori yanakuja kutoka kila upande. Yeye anazunguka vijijini ananunua kwa wakulima, mwingine anamlipa taslimu mwingine anamtangulizia hela kabla ya mavuno, afu anauza sokoni, na wanunuzi nao wengine wanachukua mzigo wanalipa baadaye. Yote hayo yapo kwenye kaunta buku. Nilienda kumsalimia msimu wa mavuno, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, hata maji sijanywa akaniambia, "We si unashinda kwenye kompyuta, hebu nitengenezee kitu nijue nani namdai na nani ananidai, maana hili daftari linanipasua kichwa." Nikalichukua nikaanza kulisoma. Kurasa nyingine zimechanika, deni la mtu mmoja liko sehemu tatu tofauti na kila sehemu jina limeandikwa tofauti, Mama Neema, M/Neema, yule wa Mlali.

Hapo ndo nikawa na kazi. Sasa lugha.

Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, RAM GB 4, hadi diski ya kuzunguka siyo SSD, na Windows 7. Hiyo tu ilishaondoa vitu vingi. Android Studio, ile programu ya kutengenezea apu za Android, mahitaji yake ya chini kabisa ni RAM GB 8, na kuidanlodi ni zaidi ya GB 1 kabla hujaongeza SDK, yani vifaa vya kujengea apu, na emyuleta, yani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, kwa bando la kawaida hilo ni jambo la kukaa chini na kupanga. Python yenyewe faili la kuinstoli halifiki MB 50, na ndani inakuja na IDLE ya kuandikia, inakuja na databesi ya SQLite ya kutunzia kumbukumbu, na maelekezo yake yote unaweza kuyadanlodi mara moja ukayasoma hata kama huna hata kilobaiti moja. Ila kuna kitu watu wengi wenye mashine za zamani hawaambiwi, Windows 7 inaishia Python 3.8, ukienda kwenye tovuti ukachukua toleo la juu kabisa itakukatalia na we utadhani laptopu imekufa. Chukua 3.8 kwa kuanzia inatosha kabisa, ukipata mashine nzuri au ukiweka Linux nyepesi kama Lubuntu badala ya Windows utapanda.

Sababu nyingine ya kuchukua Python, na hii kwangu ilikuwa na uzito kuliko zote, kulikuwa na kijana wa chuo anapita pale steshenari karibu kila jioni na yeye alikuwa anaijua. Angekuwa anajua PHP ningeanza na PHP. Nasema hivi maana watu wanalinganisha lugha kwa spidi na kwa mishahara ya Marekani huko, hawaangalii jioni ya saa moja ukiwa umekwama na lile andiko jekundu la erori utamuonyesha nani. Mtu wa kumuuliza uso kwa uso ni sehemu ya zana zako. Kama chuo chenu mnafundishwa C basi soma C kwa moyo wote, mwalimu unaye, darasa zima mnakwama mahali pamoja, hiyo ni bahati usiiache kwa sababu mtu kasema C imepitwa na wakati.

Kitu kingine nilichokiona kwa sababu ya kazi yangu ni notsi. Notsi za Python zinazozunguka huku zinatolewa kopi ya kopi ya kopi, mimi mwenyewe nimezitoa sana, na nyingine ni za Python 2, unaona kabisa wameandika print 'habari' bila mabano. Python 3 ilitoka mwishoni mwa 2008, Python 2 wameacha kabisa kuihudumia tangu tarehe 1 Januari 2020, lakini makaratasi hayajui. Mwanafunzi ananunua, anakaa geto, anaandika kama ilivyo, anapata SyntaxError, yani umekosea namna ya kuandika, anajiona hana akili. Siku hizi mtu akileta notsi za hivyo kutoa kopi namwambia hapohapo, weka mabano kwenye print, na ukikutana na raw_input andika input. Notsi za zamani zina mambo mazuri tu ila lazima ujue toleo.

Basi tukaanza. Cha kwanza kwenye programu ya shangazi kilikuwa kidogo sana, inakuuliza amenunua gunia ngapi asubuhi, ngapi jioni, inajumlisha. Asubuhi 12 jioni 8, programu ikajibu 128. Yule kijana akacheka akaniambia angalia vizuri, input inaleta maandishi siyo namba, na maandishi ukiyajumlisha yanaunganishwa tu. Ukiizungushia int, yani int(input()), unapata 20 yako. Kitu hiki nakipenda sana kuwaonyesha wanaoanza kwa sababu hapo ndo unaona lugha zina tabia. JavaScript nayo "12" + "8" inakupa 128, lakini ukizidisha "12" * 8 inajigeuzia yenyewe inakupa 96. Python ukizidisha "12" * 8 inakuandikia 1212121212121212, inarudia maandishi mara nane kama ulivyoiambia. PHP kujumlisha "12" + "8" inakupa 20 moja kwa moja maana kuunganisha maandishi kwake ni alama ya nukta. Na C inakulazimisha useme tangu mwanzo hii ni namba. Mtu akishaelewa kwa nini majibu yametofautiana, ameelewa kitu atakachokikuta kwenye lugha yoyote atakayogusa maisha yake yote, na amekielewa kwa magunia ya mahindi.

Afu likaja la lumbesa. Nilikuwa nimeshatengeneza jedwali zuri tu, jina la mkulima, idadi ya gunia, bei ya gunia, jumla. Nikampigia shangazi kumsomea hesabu, akanyamaza kidogo akasema, "Hapana mwanangu, huyo gunia zake zilikuwa lumbesa." Gunia linatakiwa lisizidi kilo 100, lakini lumbesa limejazwa mpaka juu likashonewa kilemba, huwezi kulihesabu sawa na gunia la kawaida, na kwenye kaunta buku yeye alikuwa anaweka kialama kidogo pembeni ambacho mimi nilidhani ni wino umemwagika. Jedwali lote likabadilika. Gunia likabaki kama maelezo tu, hesabu ikawa kwa kilo za kwenye mizani na bei ya kilo. Na kilo zenyewe zina nusu nusu, mizani inasoma 87.4, na kompyuta desimali haizihifadhi kikamilifu, jaribu kwenye Python au JavaScript andika 0.1 + 0.2 uone inakujibu 0.30000000000000004. Kwenye hela za watu sitaki kitu cha hivyo. Tukahifadhi gramu kwa namba nzima, na hela kwa shilingi nzima, desimali inatokea tu wakati wa kuonyesha.

Hilo la lumbesa hakuna lugha ingenisaidia. Ningekuwa na Java, Rust, chochote, jedwali lingekuwa lilelile lenye kasoro ileile mpaka mwenye mahindi aseme. Ndo maana narudia kwa watu, tafuta mtu kwanza, kwa sababu nusu ya kuandika programu ni kumsikiliza mwenye kazi, na hiyo nusu huwezi kuifanyia mazoezi kwa vikokotoo vya kwenye video.

Databesi tukatumia SQLite. Mwaka 2000 D. Richard Hipp alikuwa kwenye programu ya meli za kivita za Marekani akataka databesi isiyohitaji seva pembeni, yani programu nyingine ya kuihudumia muda wote, ndo akaitengeneza. Leo ni faili moja tu, shangazi.db, unaweza kulikopi kwenye fleshi ukaondoka nalo. Kwa mazingira yetu hilo ni kubwa. Umeme ukikatika hakuna seva ya kuwasha upya, na kila Ijumaa nakopi faili naweka kwenye fleshi mbili, moja inabaki steshenari moja naenda nayo nyumbani Nkuhungu.

Kilichonifundisha kuliko vyote ni mwonekano. Mi kichwani nilishaanza kufikiria apu, vitufe, rangi, shangazi ashike simu abofye. Nikamwelezea. Akasema, "Sasa mwanangu mi hiyo nitaishika saa ngapi, mikono yote ina vumbi la mahindi. Nitolee karatasi." Kumbe anataka karatasi! Kijana anayemsaidia ananitumia mzigo wa siku kwa meseji za kawaida jioni, mi naingiza, na kila wiki natoa A4 moja, juu wanaomdai, chini anaowadai, kwa herufi kubwa, naituma na gari za Kibaigwa, anaibandika ndani ya jalada la kaunta buku. Python inaandika faili la HTML, lugha ya kupangia kurasa za mtandao, lenye jedwali, nafungua kwenye brauza, naprinti. Kwa hiyo HTML nilijifunza kwa sababu nilihitaji jedwali lenye mistari, na CSS, ya kupangia mwonekano wa ukurasa, nilijifunza kwa sababu herufi zilikuwa ndogo shangazi hazioni. Sikuwahi kukaa kujiuliza sasa nihamie HTML au bado.

Kuhusu vya kuandikia wala sitaki kuongea sana maana watu wanapoteza muda mwingi hapo. VS Code ni nzuri, ni ya bure, ila kwa RAM GB 4 huku brauza iko wazi mashine inahema. Nilianza na IDLE, nikaenda Notepad++, kuna Geany ni nyepesi sana, na kwa anayeanza Python kuna Thonny, imetoka Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia, inakuonyesha mstari mmoja mmoja programu inavyotembea na kila kigezo kina thamani gani. Chagua kinachofunguka haraka kwenye mashine yako basi. Mandhari nyeusi, ekstensheni ishirini, hivyo vitakuja.

Ila kuna kimoja nasisitiza hata kwa anayeanza leo, Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kazi yako. Linus Torvalds aliitengeneza 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na watu wengi wanadhani Git ni ile tovuti ya GitHub kwa hiyo wanasubiri wapate bando. Hapana. git init na git commit vinafanya kazi hapo hapo kwenye mashine yako bila intaneti kabisa. Siku ukiharibu unarudi kwenye jana. Mimi kila nikifunga steshenari naandika ujumbe mmoja kwa Kiswahili, "nimeongeza safu ya kilo", "deni la nyuma sasa linahesabika", nikisoma ule mfululizo naona nilipotoka.

Lugha ya pili ilikuja na kazi ya pili. Kuna mama ana hosteli za wanafunzi alitaka websaiti ya kuonyesha vyumba vilivyo wazi, na alishalipia hosting, yani nafasi ya kuweka websaiti mtandaoni, ya mwaka mzima, ile ya bei nafuu ya PHP na databesi ya MySQL. Ningeweza kumwambia abadilishe tuweke Django, ya kutengenezea websaiti kwa Python, lakini hela yake ilishatoka. Nikajifunza PHP kwenye hiyo kazi. Na ilikwenda upesi, maana loopu, ile ya kurudia kazi, ni loopu, fanksheni, kile kipande cha programu chenye jina lake, ni fanksheni, jedwali la vyumba ni ndugu na jedwali la mahindi, kilichobadilika ni alama ya dola mbele ya majina na nukta mkato mwisho wa mstari. Wanaoogopa kwamba wakichagua vibaya mwanzoni wamepotea moja kwa moja, hapana jamani, lugha ya kwanza ndo inachukua muda, hizi nyingine unazisoma huku unafanya.

Siku hizi pia kuna ChatGPT na wenzake, wengi wanaanzia huko. Mi naitumia, hasa kunielezea erori nisiyoielewa, na kwa mtu asiye na wa kumuuliza ni msaada mkubwa sana sitaki kuubeza. Lakini ukiiambia tu nitengenezee mfumo wa biashara ya mahindi itakuletea mafaili kibao yenye login na dashibodi, na lumbesa hakuna. Haiwezi kujua kitu ambacho hujaenda kukiuliza Kibaigwa. Na kabla hujaipa erori, soma kwanza mstari wa mwisho wa ile Python inachokuandikia, wa mwisho siyo wa kwanza, mara nyingi jibu limeandikwa hapo na namba ya mstari iko juu yake kidogo.

Sasa hivi kuna kijana wa bodaboda, kijiwe chake kiko hapo nje kwetu. Laptopu hana, ana Tecno, nikamwekea Pydroid 3, inarani Python kwenye simu bila bando na ina kijimstari cha mabano na alama juu ya kibodi kwa hiyo huhangaiki kuzitafuta. Akisubiri abiria anaandika. Wiki iliyopita kaja ananiambia dada jamaa mmoja kasema Python ya kwenye simu haina maana, nihamie Kotlin maana ndo ya apu za Android. Nikamwambia kweli Kotlin ndo Google wanayoipendekeza kwa Android tangu 2019, na siku ukiwa na apu ya kutengeneza na mashine ya kuibeba tutaenda huko, mimi mwenyewe nitasoma na wewe. Nikamuuliza kikoba chenu mnaandika wapi? Akasema kwenye daftari la katibu. Nikamwambia kalipige picha.

Kaleta. Hisa za kila Jumapili, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, faini, watu wanagombana kila mwisho wa mwezi. Hisa ameshaandika mwenyewe inajumlisha vizuri, amezipa fanksheni majina ya Kiswahili, jumla_hisa, baki_la_mkopo, ukisoma unaelewa. Tumekwama kwenye faini. Mwenyekiti anasema mtu akichelewesha rejesho wiki mbili analipa faini mara mbili, katibu anasema ni mara moja tu hata uchelewe mwezi, na katiba ya kikoba haijasema. Nimemwambia tusiandike kitu hapo kwa kubahatisha. Jumapili hii anaenda kuliuliza kwenye kikao, wakikubaliana anakuja na jibu tunaandika hiyo fanksheni, nadhani haitazidi mistari sita.